Wakili wa Kompyuta: Kazi Gani Hiyo?

 Nina jambo.

Likizo iliyopita kaka yangu aliomba mkopo kwa simu anunue vipuri vya bodaboda. Kufumba na kufumbua, jibu likaja: ombi limekataliwa. "Sasa nimuulize nani? Simu?" akasema. Mimi kimya. Shule zilipofunguliwa nilimwuliza mwalimu, naye akanijibu, "Hilo ni swali la wakili." Basi nikaanza kusoma juu ya mawakili wa teknolojia na akili mnemba. Kumbe wakili si wa kesi za mashamba tu!

Kwanza, wakili huyu hulinda habari za watu. Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya faragha. Kisha ikaja Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Mwaka 2023 shule moja hapa Kenya ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Mhariri wetu, umesikia?

Pili, huhakikisha mashine haimhukumu mtu peke yake. Kwa kifungu cha 35 cha sheria hiyo, mtu aliyeamuliwa jambo zito na kompyuta pekee anaweza kuomba uamuzi huo uangaliwe upya. Nilipomwonyesha kaka, aliandika barua siku iyo hiyo. Bado anangoja jibu, lakini sasa anajua ana haki ya kuuliza.

Tatu, wakili mwenyewe asilale. Mwaka 2023, huko New York, mawakili wawili na kampuni yao walitozwa faini ya dola 5,000. Walipeleka mahakamani kesi zilizobuniwa na ChatGPT, kesi ambazo hazikuwahi kuwako! Mwamini mashine, lakini hakikisha mwenyewe.

Je, njia ni ipi? Ukimaliza Kidato cha Nne, shahada ya sheria huhitaji gredi ya C+, pamoja na B katika Kiingereza au Kiswahili. Ndiyo, Kiswahili! Halafu ni miaka minne ya chuo kikuu, kisha mafunzo katika Shule ya Sheria ya Kenya na kufanya kazi chini ya wakili mzoefu.

Kwa hivyo wenzangu mnaodharau insha, shauri yenu. Mimi nimeshachagua. Mashine ikimkataa mtu, lazima awepo wa kuulizwa, na wa kuuliza nitakuwa mimi.