Punda Aliyepigwa Mara Tatu

JUMATANO

Wahenga walisema kwamba fadhila ya punda ni mateke. Lakini Biblia inasimulia habari za punda mmoja ambaye malipo yake hayakuwa mateke. Alimwokoa mtu yule yule aliyekuwa akimpiga.

Soma Hesabu 22:21–35. Punda alifanya nini katika kila mojawapo ya zile mara tatu? Balaamu alimtendea nini?

Mara ya kwanza punda aligeuka, akaingia shambani. Mara ya pili, katika njia nyembamba kati ya mashamba ya mizabibu, alijibana ukutani na kuuumiza mguu wa Balaamu. Mara ya tatu hapakuwa na nafasi ya kugeukia, akalala chini. Kila mara alipigwa, na mara ya tatu alipigwa kwa hasira kali.

Balaamu alidhani punda ni mkaidi. Kumbe punda alikuwa ameona hatari ambayo nabii hakuiona, naye alikataa kwa njia pekee aliyokuwa nayo, yaani mwili wake. Mnyama haulizwi kama yuko tayari kubeba mzigo, wala hawezi kupatana ujira. Anapochoka, anapoumia au anapoogopa, husema kwa kusimama, kugeuka au kulala. Kwa kuwa hakuombwa ridhaa, na hawezi kwenda zake, wajibu wote unabaki kwa yule aliyeshika kamba.

Mungu alipofungua kinywa cha punda, jambo la kwanza alilosema lilikuwa swali: kosa lake lilikuwa nini hata apigwe mara tatu? Balaamu alijibu kwamba ameaibishwa, akatamani kuwa na upanga amwue. Macho yake yalipofunguliwa, aliuona upanga, lakini ulikuwa mkononi mwa malaika. Tena malaika alimwuliza swali lile lile: kwa nini amempiga punda wake mara tatu? Kisha akamweleza kwamba kama punda asingegeuka, Balaamu angeuawa na punda angeachwa hai.

Balaamu akakiri mbele za malaika kwamba ametenda dhambi. Hata hivyo, alitaja tu kwamba hakujua kuwa malaika amesimama njiani. Juu ya mapigo hakusema neno.

Ellen G. White, katika kitabu chake cha mwaka 1890 kinachoeleza habari za mababu na manabii, anatumia kisa hiki kuonya kwamba kuwatesa wanyama ni dhambi, na kwamba jinsi mtu anavyowatendea viumbe walio chini yake hufunua tabia yake halisi.

Soma Kutoka 23:4, 5, Kumbukumbu la Torati 22:10, 25:4, na Mithali 12:10. Mafungu haya yanamdai nini mwenye mnyama?

Sheria hizi zinagusa mambo ya kila siku: mzigo, nira na chakula. Ng'ombe anayepura nafaka asifungwe kinywa. Ng'ombe na punda wasilime pamoja, kwa maana nguvu zao hazilingani. Punda aliyelemewa na mzigo asaidiwe, hata kama mwenyewe ni adui. Ugomvi wa watu wawili haumhusu punda aliyelala chini ya gunia.

Leo serikali nazo zina sheria. Kenya ina sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, na Tanzania ilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008. Lakini askari hayupo katika kila njia ya kisimani, wala sokoni kila kuku wanapobebwa miguu imefungwa na vichwa vikining'inia chini. Hapo aonaye ni Mungu.

Soma Kumbukumbu la Torati 5:12–14. Ni nani wanaotajwa kuwa wapumzike siku ya Sabato?

Ng'ombe na punda wametajwa kwa majina. Basi, familia inayokwenda kanisani huku punda wao amekodishwa kwa jirani ili achote maji siku hiyo, imepumzika nusu tu. Upande wa pili, kumhudumia mnyama si kuivunja Sabato. Yesu mwenyewe alikumbusha kwamba watu humfungua ng'ombe au punda siku hiyo na kumpeleka kunywa maji (Luka 13:15). Maandalio ya Ijumaa, basi, yafikie hata zizini: maji yatekwe mapema, majani yakatwe, na kidonda kilichosababishwa na kamba kisafishwe.

Tafakari: Je, kuna mnyama anayekutumikia, ambaye kukataa kwake umekuwa ukikuita ukaidi? Kama leo angepewa kinywa, angekuuliza nini?

Maswali ya Kujadili:

1. Kijana ameajiriwa kuendesha mkokoteni wa punda, na tajiri wake anataka safari nyingi kuliko punda anavyoweza. Akikataa, atapoteza kazi. Darasa lingemshauri nini, na lingemsaidiaje?

2. Balaamu alimpiga punda kwa sababu aliona aibu. Ni mara ngapi ukatili kwa mnyama, au hata kwa mtoto, huwa ni hasira iliyotoka mahali pengine?

3. Soma Yona 4:11. Kwa nini Mungu aliwataja wanyama wa Ninawi alipokuwa akieleza huruma yake?