Chombo cha Kupimia Mwangaza Nacho Hupimwa



Kila mmoja wetu ajua kwamba mizani hutazamwa kwanza ikiwa tupu, ndipo gunia la karafuu lipandishwe. Msimu mmoja sisi wenyewe hatukutazama, na khabari ya kilo zetu zilizopotea tukaipata karafuu zimekwisha ondoka. Leo twapenda kueleza mizani ya namna nyingine, ipimayo mwangaza.

Satelaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-2, ambazo ya kwanza yao ilirushwa mwaka 2015, hupita kiasi cha kilomita 786 juu yetu zikipiga picha za ardhi. Jani lenye afya humeza mwangaza mwekundu na kurudisha kwa wingi mwangaza wa infraredi, ambao jicho halioni. Jani likidhoofika, hisabu hiyo hubadilika. Lakini picha yataka ushahidi wa chini, ndiyo maana mtu huingia shambani na spektrometa ya kuchukulika. Ikiwa chombo hicho chakosea, miti mizima yaweza kuandikwa migonjwa, na migonjwa ikaandikwa mizima.

Kwanza hufungwa kabisa, mwangaza usiingie. Hata gizani husoma kidogo, kwa ajili ya joto lake chenyewe, na kidogo hicho hutolewa. Hiyo ndiyo mizani tupu. Kisha, katika maabara, huonyeshwa taa ya zebaki, ambayo mstari wake wa kijani huwa nanometa 546.1 siku zote. Kikisoma 549, kimehama.

Lililo kubwa ni kibao cheupe. Mpimaji hupima kwanza nuru irudishwayo na kibao, kisha ya jani, akagawanya ya pili kwa ya kwanza. Tuseme kibao safi hurudisha 100 na jani hurudisha 45. Kibao kikichafuka kwa vumbi na mafuta ya vidole, kikarudisha 90 tu, hisabu itatoa 50. Hapana aliyeiba, wala jani halikubadilika, ila kila jani la siku ile limeongezewa uwongo.

Wingu likipita, kibao hupimwa upya. Mpimaji naye huvaa nguo nyeusi, kwa kuwa nguo nyeupe hulimulika jani. Kanzu siku hiyo ibaki nyumbani.

Satelaiti zenyewe pia hupimwa. Huko Gobabeb, katika jangwa la Namib, tangu mwaka 2017 kiko chombo juu ya mlingoti kipimacho nuru ya jua na ya ardhi, nazo hulinganishwa nacho. Pamechaguliwa jangwa kwa sababu ardhi yake ni ya namna moja na mawingu ni machache.

Basi akija mtu shambani kwako na chombo hiki, mwombe akuonyeshe kibao, na umwulize kilisafishwa lini na chombo kilisawazishwa lini. Majibu yaandike pamoja na tarehe na saa, utuletee karatasi hiyo ofisini.