Sauti Mbili Ndani ya Kompyuta Moja: Matumizi ya Kisoma Skrini katika Mashine Pepe

Utangulizi

Mtu anapopungukiwa na uwezo wa kuona akiwa bado kazini, hofu yake ya kwanza mara nyingi ni riziki. Muuguzi mwenye presha ya macho, au mtunza kumbukumbu ambaye kisukari kimeathiri retina zake, bado ana ujuzi wake wote; alichopoteza ni njia aliyoizoea ya kuutumia mbele ya kompyuta. Ibara ya 27 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, inatambua haki ya kufanya kazi hata kwa yule aliyepata ulemavu akiwa tayari ameajiriwa. Haki hiyo, hata hivyo, hutimia pale tu chombo cha kazi kinapotumika kwa usalama.

Makala haya yanaeleza namna ya kutumia kisoma skrini ndani ya mashine pepe kwenye kompyuta mpakato, na yanasisitiza jambo moja: hatari kubwa kwa mgonjwa haitokani na kompyuta iliyonyamaza, bali na ile inayosema nusu ya neno.

Kisoma skrini na mashine pepe ni nini?

Kisoma skrini ni programu inayomsomea mtumiaji kwa sauti, au kwa breli, yaliyomo kwenye skrini. JAWS ilianza mwaka 1989. VoiceOver huja na kompyuta za Apple, Narrator huja na Windows, na Orca hutumika katika Linux. NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, hutolewa bila malipo, na miongoni mwa lugha ambazo sauti yake ya eSpeak NG inaweza kuzisoma ni Kiswahili.

Mashine pepe ni kompyuta kamili iliyoundwa kwa programu tu, ikiishi ndani ya kompyuta halisi. Kompyuta halisi huitwa mwenyeji. Mashine pepe huitwa mgeni. VirtualBox na VMware ni miongoni mwa programu zinazotumika kuiunda. Kituo cha afya kinaweza kuihitaji kwa sababu mfumo wake wa kumbukumbu unafanya kazi katika Windows pekee ilhali mtumishi anatumia mfumo endeshi mwingine, au kwa sababu kinataka taarifa za wagonjwa zitengwe na mambo binafsi ya mtumishi.

Kwa nini sauti ya mwenyeji haitoshi?

Kisoma skrini hakitazami skrini kama jicho linavyotazama. Huuliza mfumo endeshi: hiki ni kitufe gani, kinaitwaje, kimechaguliwa au la? Mashine pepe haifikishi majibu hayo kwa mwenyeji. Kwa mwenyeji, dirisha zima la mgeni ni kama picha moja, na picha haina majina ndani yake. Ndiyo maana mtumiaji anaweza kufungua mashine pepe, akasikia jina la dirisha, kisha akabaki kwenye kimya.

Dawa yake ni kuweka kisoma skrini cha pili ndani ya mgeni. Mashine mpya ya Windows 10 au 11 inaweza kuzungumza tangu hatua ya usakinishaji: vitufe vya Ctrl, Windows na Enter vikibonyezwa pamoja, Narrator huanza. Katika Ubuntu, Orca huwashwa kwa Alt, Super (kitufe chenye alama ya Windows) na S. NVDA ikishasakinishwa, huanzishwa kwa Ctrl, Alt na N.

Kupanga vitufe

Visoma skrini viwili vikiwa macho kwa pamoja, huzungumza kwa kuingiliana na hugombania vitufe vilevile. NVDA hutumia Insert au Caps Lock kama kitufe chake cha amri, na katika kompyuta mpakato nyingi Insert ni kigumu kukifikia au hakipo kabisa. Mtumiaji akibonyeza Caps Lock akitaka kumwamuru mgeni, mwenyeji anaweza kuidaka amri hiyo kwanza.

Pale mwenyeji na mgeni wote wanapotumia NVDA, suluhisho jepesi ni hali ya usingizi. Mtumiaji akiwa kwenye dirisha la mashine pepe, abonyeze kitufe cha NVDA pamoja na Shift na Z ikiwa amechagua mpangilio wa kompyuta mpakato, au Shift na S ikiwa ni mpangilio wa kompyuta ya mezani. NVDA ya mwenyeji itanyamaza ndani ya programu hiyo pekee. Akitoka kwenda dirisha jingine, itaanza kusema tena. Katika kompyuta za Apple, VoiceOver huzimwa na kuwashwa kwa Command na F5.

Mtumiaji ajue pia njia ya kutoka. Katika VMware Workstation, Ctrl na Alt hurudisha kibodi kwa mwenyeji. VirtualBox hutumia Ctrl ya kulia, kitufe ambacho baadhi ya kompyuta mpakato hazina. Hivyo kibadilishwe katika mipangilio mapema, kabla mtumiaji hajajikuta amefungiwa ndani.

Sauti inayokatika na kipimo cha dawa

Sauti ya mgeni hupitia kifaa cha sauti cha kuigiza kabla ya kufika kwenye kifaa halisi. Katika safari hiyo huweza kuchelewa, kukwaruza au kupoteza mwanzo wake, hasa baada ya kimya, kwa kuwa kifaa cha sauti kilikuwa kimepumzika. Katika barua ya kawaida, silabi iliyopotea ni usumbufu mdogo. Katika jalada la mgonjwa si hivyo. Kipimo cha "sifuri nukta tano" kikikatwa mwanzo hubaki "tano", yaani mara kumi ya kilichoandikwa.

Kwa hiyo mashine pepe isitumike kwa taarifa za wagonjwa kabla ya kufanyiwa jaribio lifuatalo:

1. Mwenzake mtumiaji aandike ndani ya mgeni mistari kumi ya vipimo ambavyo mtumiaji havijui, kwa mfano 0.5 mg, 5 mg, 15, 50 na 130/80.
2. Kompyuta iachwe kimya kwa dakika moja, kisha mtumiaji asome mstari mmoja kwa kitufe cha mshale wa chini na kutaja alichosikia. Kimya hicho kirudiwe kabla ya kila mstari.
3. Asome tena kila mstari herufi kwa herufi kwa mshale wa kulia, na majibu mawili yalinganishwe.

Kosa hata moja linatosha kuahirisha matumizi. Kinachofuata ni kurekebisha. Windows 11 inahitaji kumbukumbu isiyopungua GB 4, hivyo kompyuta yenye GB 8 humgawia mwenyeji na mgeni kwa taabu. GB 16 huleta nafuu. Programu zisizohitajika zifungwe. Katika mipangilio ya sauti ya NVDA, muda wa kukiweka kifaa cha sauti macho baada ya maneno kwisha uongezwe. NVDA kuanzia toleo la 2025.1 inaweza pia kuunganisha mgeni na mwenyeji, ili maneno yasafiri kama maandishi na yatamkwe na mwenyeji mwenyewe. Muunganisho huo ufanywe ndani ya kompyuta hiyohiyo, si kupitia seva ya nje.

Hata jaribio likifaulu, tabia moja ibaki ya kudumu: kila tarakimu ya dawa isomwe herufi kwa herufi kabla ya kuthibitishwa.

Siri ya mgonjwa

Skrini huonwa na aliye karibu. Sauti husikika hadi kwenye benchi la wanaosubiri. Vipokea sauti vya masikioni ni vya lazima, ila sikio moja liachwe wazi kwa mgonjwa. Kunakili maandishi kati ya mgeni na mwenyeji kuzimwe. Nakala ya hali ya mashine, ambayo humwezesha mtaalamu kuirudisha kama ilivyokuwa, ichukuliwe kabla ya taarifa za wagonjwa kuingizwa, kwani nayo hubeba kila kilichomo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nchini Tanzania haibagui kati ya taarifa iliyo kwenye jalada la karatasi na iliyo ndani ya mashine pepe.

Hitimisho

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mashine pepe iliyopangwa vema humrudishia mtumishi kazi yake, na humwezesha mgonjwa asiyeona kusoma mwenyewe majibu yake bila kumwomba jirani. Lakini mgeni huyo apimwe kwanza. Mtumishi anayepungukiwa na uoni amweleze mapema msimamizi wake na daktari wa macho, ili ajifunze vitufe angali na uoni kidogo, wala asingoje siku ambayo skrini itakuwa giza.