Neno "Karati"

Katika bweni letu wamo vijana wa Geita na vijana wa Kishapu, na muhula huu wamebishana sana juu ya neno moja: karati. Wa Kishapu hushika kwamba ni uzito, maana ndivyo almasi za Mwadui zipimwavyo. Wa Geita hushika kwamba ni usafi wa dhahabu. Wote wanasema kweli.

Waingereza, ambao huandika carat, hawakulibuni neno hili. Wayunani walisema keration, yaani pembe ndogo, kwa kuwa ganda la mti wa karobu limepindika kama pembe. Na mbegu zake zilitumiwa mizanini. Waarabu wakasema qirat, kisha likapita kwa Waitalia na Wafaransa mpaka Uingereza.

Karati ya almasi ni miligramu 200, kipimo kilichokubaliwa na mataifa mwaka 1907. Almasi ya rangi ya waridi iliyopatikana Mwadui mwaka 1947, ambayo Binti Mfalme Elizabeth alipewa zawadi, ilikuwa ya karati 54.5. Msishangae: hizo hazifiki gramu 11!

Ya dhahabu ni habari nyingine. Sarafu ya dhahabu ya Warumi, solidus, ilikuwa na uzito wa karati 24, ndiyo sababu dhahabu tupu huitwa ya karati 24. Basi mchimbaji mdogo akitajiwa karati tu, bado hajajua mali yake. Sharti aone na mizani. Gramu 10 za karati 18 zina dhahabu gramu 7.5, na zilizobaki ni shaba au fedha.