Lijue Bati Kabla ya Kulikata

Anayeanza ufundi wa bati huweza kupata hasara dukani kabla hajashika mkasi. Kosa la kwanza ni kudhani kwamba namba kubwa ya geji ni bati nene. Ukweli ni kinyume chake: bati la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28. Kwa hiyo mtake muuzaji alipime mbele yako na auandike unene wake kwa milimita kwenye risiti.

Kazi ya kwanza na iwe ndogo, kama vile kizoleo cha taka. Chora umbo lake kwenye karatasi ngumu, ulikate na ulikunje. Karatasi ikiharibika, hasara ni ndogo. Kisha hamishia alama kwenye bati, ukiacha milimita 10 za pindo, maana ukingo usiopindwa hukata kama wembe. Vaa glavu ngumu na miwani ya kukinga macho.

Bati lenye zinki lisichomelewe ndani ya chumba kilichofungwa, kwani moshi wake huleta homa. Wala lisifanywe chombo cha vyakula vichachu: uchachu huyeyusha zinki na kuiingiza chakulani.