SOMO LA MWEZI: RELI ILIYOKOSA MZIGO

Mkulima wa skimu, kabla hujakopa fedha ili ulime zao moja geni katika shamba lako lote, soma kwanza habari za reli ya Nachingwea, kusini mwa nchi ambayo sasa ni Tanzania.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Mwaka 1947 serikali yake ilianza mpango wa kulima karanga kwa matrekta. Shabaha ilikuwa ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea.

Ili kupeleka karanga za Nachingwea pwani, reli ilijengwa kutoka Mkwaya, karibu na Lindi, na mwaka 1949 ikafika Nachingwea. Bandari ya Mtwara ikafunguliwa mwaka 1954, ikaunganishwa na reli hiyo.

Lakini ardhi haikujaribiwa vya kutosha. Huko Kongwa mvua ilikuwa haba, na udongo ulipokauka ukawa mgumu hata karanga zikawa shida kung'oa. Mizizi ya msitu iliharibu mashine. Mwaka 1951 mpango uliachwa, umekwisha kula pauni milioni 36 hivi. Kwa hiyo bandari ilipofunguliwa, karanga zilizokusudiwa hazikuwapo. Mwaka 1962 reli ilifungwa, na vyuma vyake vikang'olewa.

Kumbuka: reli hulipwa na mzigo. Mabehewa yajae au yawe matupu, njia hutaka kutunzwa na wafanyakazi hutaka mshahara. Mkopo wako ni vivyo hivyo: siku ya kulipa hufika hata kama ghala ni tupu.

Basi fanya haya:

1. Zao geni lijaribu kwanza katika robo ekari, kwa misimu miwili au zaidi.
2. Andika mvua ya kila mwezi, na umwonyeshe Bwana Shamba udongo wako.
3. Jua nani atanunua mazao, na yatasafirishwa kwa njia gani.
4. Piga hesabu ya mkopo kwa mavuno ya mwaka mbaya, si ya mwaka mzuri.

Huko kusini, korosho za wakulima wadogo ndizo zao kuu la biashara hadi leo. Zao lililoizoea ardhi limedumu, na reli haipo.