Kodi Tatu na Gita Moja

Je, mtu ambaye hajawahi kushika gita anaweza kujifunza wimbo mzima wa kisasa? Tunasema ndiyo, lakini hebu kwanza tueleze tulivyoshindwa.

Gita letu lilinunuliwa kwa pesa za kikundi. Miezi miwili ikapita na hakuna hata mmoja aliyeweza kupiga wimbo mpaka mwisho. Wazee wakasema, "Hii ni pesa imelala. Liuzwe, tununue mbuzi." Hawakukosea. Tukaomba mwezi mmoja tu.

Vijana walichagua "Riptide", wimbo wa Vance Joy wa Melbourne, Australia, uliotoka mwaka 2013. Walikuwa wakiusikia kwa simu. Watu huuita muziki wa indie pop. Jina hilo indie lilianza kwa wanamuziki waliorekodi kwa kampuni ndogo zinazojitegemea, kwa hiyo vikundi vya kujisaidia visiuogope! Uzuri wake ni kwamba karibu wimbo wote ni kodi tatu: Am, G na C. (Kodi hii si ile ya serikali. Ni sauti za nyuzi kadhaa zikipigwa pamoja.)

Shingo ya gita imegawanywa vyumba kwa vichuma. Chumba cha kwanza ni kile cha karibu na kichwa cha gita. Uzi mwembamba kabisa, wa chini, ndio wa kwanza. Mnene wa juu ni wa sita. Sasa wekeni vidole vya mkono wa kushoto hivi:

Am: shahada uzi wa 2 chumba cha 1, kati uzi wa 4 chumba cha 2, pete uzi wa 3 chumba cha 2. Usipige uzi wa 6.

C: shahada uzi wa 2 chumba cha 1, kati uzi wa 4 chumba cha 2, pete uzi wa 5 chumba cha 3. Hapa pia uache uzi wa 6.

G: kati uzi wa 5 chumba cha 2, pete uzi wa 6 chumba cha 3, kidole cha mwisho uzi wa 1 chumba cha 3.

Hapa ndipo tulipokuwa tunakosea. Kila mtu alijua kodi zake vizuri, lakini akitaka kuhama alikuwa anainua vidole vyote na kuanza kutafuta upya. Wimbo unangoja, waimbaji wanacheka. Kumbe, angalieni tena Am na C: shahada na kati havitoki mahali pake. Ni pete peke yake inayohama. Na kutoka G kwenda C, kati na pete vinashuka pamoja, kila kimoja uzi mmoja, bila kubadili umbo. Shahada inaongezwa, cha mwisho kinainuliwa. Basi tukaacha wimbo wiki nzima, tukafanya kuhama tu. G, C, G, C, polepole, mpaka mkono ukazoea. Vidole vitauma siku za kwanza. Ukiona vimechubuka, pumzika.

Mpango wa wimbo ni Am mara moja, G mara moja, C mara mbili, halafu unarudia. Kila mara unacharaza: chini, chini, juu, chini, juu. Katikati ya wimbo inaingia F pia. Tuliiacha kwanza, tukaimba sehemu hiyo bila gita.

Mkitaka kulingana na rekodi, nyuzi zote zibanwe chumba cha kwanza kwa kapo. Sisi hatukuwa nayo. Tulilaza penseli juu ya nyuzi, tukaifunga kwa mpira ule wa kufungia noti. Ikishika vizuri inatosha. Mkiimba wenyewe bila rekodi, hata hiyo haihitajiki.

Jambo lingine lilituaibisha. Wavulana walishika gita kuanzia saa kumi, na wasichana walilipata giza likiingia, wakati mama anawaita jikoni. Tukaweka daftari: dakika kumi kila mtu, jina kwa jina. Anayengoja hufanya kuhama kwa vidole juu ya kipande cha ubao tulichochora nyuzi sita.

Mwezi ulipokwisha, watatu waliupiga wimbo mpaka mwisho mbele ya wazee, na wawili kati yao walikuwa wasichana. Gita halikuuzwa. Mzee aliyetaka mbuzi aliuliza kama kodi hizo zinaweza kupiga wimbo anaoujua yeye, na sasa tunautafuta.

Jadilianeni kikundini:
Ni kifaa gani cha kikundi kinashikwa na wachache tu? Nani anakipata mwisho, na saa ngapi?